Kodacolor ya 1928: rangi iliyofichwa ndani ya filamu nyeusi na nyeupe

Kodacolor ya milimita 16, iliyouzwa na Kodak kuanzia 1928 hadi Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak iliyofuata, ilipoingia sokoni mwaka 1935, kwa macho ni filamu nyeusi na nyeupe tu. Ukiiskani kama filamu ya kawaida, rangi yake inapotea bila mtu kujua kuwa ilikuwapo. Kwa hiyo kila filamu ya nyumbani ya miaka hiyo itazame kwanza kwa lupu (kioo cha kukuzia). Ukiona mistari ya wima, myembamba na iliyosongamana, simamisha kazi.

Mistari hiyo ni vilenzi vilivyokandamizwa kwenye uso wa plastiki, takriban 22 kwa milimita. Lenzi ya kamera ilivishwa kichujio chenye mikanda mitatu: nyekundu, kijani na bluu. Kila kilenzi kilitupa taswira ya mikanda hiyo kwenye emulsheni, yaani tabaka la filamu linalonasa picha, na nyuma yake vikabaki vistari vitatu vya fedha. Filamu haina kemikali ya rangi inayoweza kuchujuka. Rangi ya siku ile bado ipo, inasubiri kupimwa. Ndiyo maana sikubali kabisa filamu hizi zipakwe rangi za kubuni kwa akili mnemba.

Ugumu uko kwenye kupima. Fremu ina upana wa milimita 10 hivi, yaani vilenzi 220 na ushei, na kistari kimoja ni kama mikroni 15 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukikipa kila kistari pikseli 5, unahitaji takriban pikseli 3,400 kwa upana. Skana ya 2K, yenye pikseli 2,000 hivi kwa upana, huchanganya vistari jirani, rangi zikafifia kuwa kijivu. Tumia kamera yenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha nyeusi na nyeupe, maana gridi ya kihisi cha rangi hugongana na vilenzi na kuzaa rangi za uongo. Emulsheni iielekee kamera, fokasi iwe juu yake, na mwanga uwe uliotawanywa. Usiloweshe filamu ili kuficha mikwaruzo: kioevu hujaza mabonde kati ya vilenzi na kufuta mipaka.

Programu kama doLCE, ya Chuo Kikuu cha Basel, hutegemea mipaka hiyo hiyo kusoma vistari. Filamu ikisinyaa au kupinda, mistari hupotoka. Programu ikikosea kwa theluthi ya kilenzi, rangi zote huhama. Nyuso zikitoka za bluu, mpangilio umegeuka: badilisha nyekundu na bluu, kijani kibaki katikati.

Hifadhi skani ghafi katika faili la picha la TIFF la biti 16, kabla ya kunyoosha au kupunguza chochote.