Rangi zisizokuwepo: kusafisha video ya kompositi

Katika kazi yangu ya kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta hapa Nairobi, wateja huniuliza kwa nini koti la kijivu la mtangazaji, lenye mistari myembamba, linameremeta kijani na zambarau. Sababu ni kwamba video ya kompositi husafirisha mwangaza na rangi kwenye waya mmoja. Katika PAL, mfumo wa televisheni ya rangi ambao Kenya iliutumia hadi matangazo ya analojia yalipozimwa mwaka 2015, rangi hubebwa na wimbi la megahezi 4.43, katika masafa yale yale yanayobeba michoro midogo ya mwangaza. Dekoda, yaani saketi inayotenganisha tena mwangaza na rangi, ikidhani mistari ya koti ni rangi, tunapata rangi bandia. Ikidhani rangi ni mwangaza, vitone hutambaa kwenye kingo za rangi kali.

Njia rahisi ni kuyakata masafa hayo kutoka kwenye mwangaza. Vitone hupungua, ila picha hupoteza ukali, na rangi bandia hubaki vilevile. Kichujio cha chanuo (comb filter), kinacholinganisha mstari mmoja wa picha na mwingine, hufanya vizuri zaidi. Katika NTSC, mfumo wa rangi wa Marekani, kila mstari una mizunguko 227.5 ya wimbi la rangi, hivyo rangi za mistari miwili inayofuatana huwa kinyume: ukiijumlisha, rangi hufutika, ukiitoa mmoja kwa mwingine, mwangaza hufutika. PAL ina mizunguko 283.7516, kwa hiyo kinyume hicho hupatikana baada ya mistari miwili ya nusu-fremu (kila fremu hutumwa kwa nusu mbili zenye mistari inayopishana), ambayo kwenye kioo imeachana kwa mistari minne, na huko picha huenda imeshabadilika. Kulinganisha fremu zilizoachana kwa milisekunde 80 huondoa tatizo hilo kwenye picha tuli, lakini mchezaji akikimbia, dekoda lazima itambue mwendo na kurudi kwenye kulinganisha mistari.

Kwa maoni yangu dekoda hulaumiwa kupita kiasi. Kinga bora iko kwenye enkoda, yaani kifaa kinachotengeneza kompositi, ambako mwangaza unaweza kuchujwa kabla ya kuchanganywa na rangi. Vikishachanganyika, hakuna kichujio kinachovitenganisha kikamilifu.

Kwa kanda za VHS, ushauri wangu ni mfupi: tumia S-Video, kebo inayopitisha mwangaza na rangi kwenye nyaya tofauti, kama deki inayo, kwa kuwa kwenye utepe mwangaza na rangi tayari vimerekodiwa kando, na hakuna haja ya kuvichanganya upya kwenye kebo. Kasoro zilizorekodiwa kutoka hewani zitabaki. Kanda za inchi moja aina ya C, zilizotumiwa na vituo vya televisheni, ni jambo jingine, maana zimehifadhi kompositi yenyewe. Hizo ndizo zinazostahili dekoda ya bei ghali.