Kazi si Gorogoro ya Omena

Jumamosi iliyopita kinyozi wangu wa Kondele alizima mashine katikati ya kichwa changu ili anieleze kwamba Waganda wanaoingia kupitia Busia wamemaliza kazi za Kisumu. Nafundisha uchumi wa kazi, na kauli hiyo nimeisikia matangani, kwenye matatu na, la kusikitisha zaidi, nimeisoma katika karatasi za mtihani za wanafunzi wangu mwenyewe. Sikubishana naye, kwa kuwa wembe ulikuwa mkononi mwake.

Kauli hiyo huifanya kazi kuwa gorogoro ya omena, yaani kopo la kupimia dagaa: mgeni akichota, mwenyeji amepungukiwa. Lakini mgeni huyo hula, hupanga chumba na, kwa taarifa ya kinyozi, hunyolewa. Anapoongeza ugavi wa nguvukazi huongeza pia uhitaji wa nguvukazi hiyo. Hilo ni somo la wiki ya kwanza, nami sitalirudia.

Kinachoniudhi zaidi ni wenzangu wanaolikwepa kosa hilo na kuangukia la pili, wakidai kwamba uhamiaji haumuumizi mtu yeyote. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 walivuka kutoka bandari ya Mariel hadi Marekani, na nguvukazi ya Miami ikaongezeka kwa takriban asilimia 7 katika miezi michache. Mchumi David Card, katika uchambuzi wake wa mwaka 1990, hakuona athari ya maana katika mishahara ya wenyeji wenye ujuzi mdogo. Robo karne baadaye mchumi mwenzake George Borjas alizirudia takwimu hizo, akawatenga wanaume wasiomaliza sekondari ambao si wa asili ya Kihispania, akaona mishahara yao imeporomoka. Wapinzani wake wakajibu kwamba waliobaki katika sampuli yake walikuwa wachache mno, na kwamba hata muundo wa sampuli ulikuwa umebadilika katika miaka hiyohiyo. Mimi huelemea upande wa Card, ila nakiri kwamba kila tunapouliza ni nani hasa anayeshindana na mgeni, jibu hutegemea sana jinsi mtafiti alivyowagawa watu kabla hajaanza kuhesabu. Ninayemwonea wasiwasi kuliko wote ni mhamiaji aliyetangulia, kwa sababu kazi yake ndiyo inayofanana zaidi na ya anayefika leo.

Je, kufunga mlango hupandisha mishahara? Marekani ilijaribu. Mwishoni mwa 1964 iliukomesha mpango wa Bracero, uliokuwa ukileta vibarua wa mashambani kutoka Meksiko tangu 1942, na nia mojawapo ilikuwa kuwainua vibarua wa nyumbani. Mchumi Michael Clemens na wenzake walipolichunguza jambo hilo, hawakuona mishahara ikipanda kwa kasi zaidi katika majimbo yaliyowategemea Wameksiko kuliko kwingineko. Wakulima wa nyanya za kiwandani huko California hawakungoja vibarua wapya. Walinunua mashine za kuvunia. Mazao yasiyokuwa na mashine yalipunguzwa. Mwajiri ana njia nyingi za kutoroka, na ndiyo sababu huwa sishangilii mapema mageuzi ya uhamiaji, yawe ya kufunga au ya kufungua. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2021, kwa mfano, inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, lakini haki hiyo haina uzito mpaka mtu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma apate karatasi zake na ruhusa ya kusafiri hadi kazi iliko.

Aliponimalizia kisogo, kinyozi alinieleza kilichomuuma kweli: bei ya kunyoa imeshuka tangu vibanda vitatu vipya vifunguliwe mtaani. Nilimuuliza wenyewe wametoka wapi. Wawili kaunti ya Siaya, akasema, na mmoja Vihiga.