Injini ya gemu ni nini, na kwa nini pikseli haimo

Mpwa wangu na wenzake wawili wanatengeneza gemu ya bunduki ya mtindo wa miaka ya tisini, kwa mapenzi tu, bila senti ya mtu. Juzi kanitumia karatasi ya mradi. Mstari wa tatu umeandikwa: "Injini: Doom, ya pikseli." Doom ni gemu ya bunduki ya mwaka 1993, na pikseli ni vile vinukta vya mraba vinavyounda picha kwenye skrini. Akaniambia, "Mjomba, hapo tumeshamaliza." Nimeshachoka kusikia injini ya pikseli, injini ya zamani, injini ya PlayStation. Basi leo niseme.

Injini ya gemu ni programu inayobeba kazi ambazo kila gemu inazihitaji na hakuna anayetaka kuziandika upya: kuchora kinachoonekana, kucheza sauti, kusikiliza vitufe, kujua nani kagonga ukuta, kuhesabu mapigo ya saa ya ulimwengu ule. Maana ni hiyo tu. Ugomvi uko kwenye visivyokuwemo: picha, ramani, maadui, bunduki zenyewe, hadithi.

Neno lenyewe lina safari nzuri. Waingereza walilichukua engine kwa Wafaransa, nao Wafaransa kwenye Kilatini, ingenium, yaani akili ya kuzaliwa nayo, werevu. Kabla ya kuwa chuma kinachokunywa mafuta, lilikuwa jina la hila yoyote ya kiwerevu: zana ya kubomolea ngome, hata mtego. Kipande chake kilichokatika, gin, kilibaki na maana ya mtego waziwazi. Sasa tazama huku kwetu. Mtambo, katika kamusi za zamani, ni kamani na ni mtego unaofyatuka, na mtambo wa bunduki ni ile sehemu ya kufyatulia. Lugha mbili zisizo na undugu, zote zikapita mtegoni kabla ya kufika kwenye mashine. Ningependa sana tuseme mtambo wa gemu, hasa ikiwa ni gemu ya bunduki, ila vita hiyo nimeshashindwa.

Ajabu ni kwamba gereji hakuna anayekosea. Hujasikia mtu akisema gari lina injini nyekundu kwa kuwa bodi imepakwa rangi nyekundu. Mtu huyohuyo akikaa mbele ya kompyuta, anakwambia injini ya pikseli.

Kwenye gemu neno lilishika katikati ya miaka ya tisini, na chanzo kikubwa ni Doom yenyewe. Ilipotoka tarehe 10 Desemba 1993, watengenezaji wake, id Software wa Texas, walikuwa wametenganisha vitu viwili: programu upande mmoja, na picha, sauti na ramani zote ndani ya faili moja la WAD. Lifungue faili hilo kwa programu ya kawaida ya maandishi, na herufi nne za mwanzo utazisoma kwa macho yako: IWAD. Kinachofuata, kwa sehemu kubwa, ni takataka. Faili la shabiki anayeongeza ramani zake huanza na PWAD. Mwaka uliofuata kampuni nyingine, Raven, wakatoa gemu ya Heretic juu ya injini hiyohiyo, wakaiongezea kutazama juu na chini na kuruka angani, lakini ndani yake hakuna hata bunduki moja ya Doom; kuna vijiti vya kichawi. Kwa hiyo Doom ni gemu. Injini ya Doom ni kitu kingine, na inaweza kuishi bila Doom.

Na pikseli? Gemu ya DUSK ya mwaka 2018 ukiiona utaapa ni ya 1996, kumbe imejengwa kwa Unity, injini ya kisasa. Selaco, iliyoanza kuuzwa 2024 kabla haijakamilika, ina vioo vinavyopasuka na vumbi linalotimka, nayo inaendeshwa na GZDoom, injini ya mashabiki, mjukuu wa msimbo (maandishi ya programu) wa Doom wa 1993. Sura ya pikseli ni picha ndogo zilizokuzwa bila kulainishwa. Unaipata karibu kwenye injini yoyote kwa kubadilisha mpangilio mmoja.

Injini inachokuamulia ni kikubwa zaidi: sakafu ni nini. Kwenye Doom ya asili ramani ni mchoro wa kutazamwa kutoka juu, mistari inayozingira sekta, na kila sekta ina sakafu moja na dari moja. Sakafu mbili mahali pamoja, haiwezekani. Vijana wangu wamechora jumba lenye roshani. Mchezaji apite chini yake, kisha apande awapige walio uani. Roshani hiyo Doom ya asili haina pa kuiweka. Build, injini ya Ken Silverman iliyobeba gemu ya Duke Nukem 3D mwaka 1996, inakubali vyumba vipandane mradi usivione vyote kwa pamoja. Injini ya Quake, gemu ya mwaka huohuo, ni ya pande tatu kweli. GZDoom imepachika sakafu za juu kwa juu kwenye hesabu za zamani, na roshani inasimama.

Kuna na tabia nyingine usizoziona kwenye picha. Adui wa Doom ya asili, kwa habari ya kuzuia njia, ana urefu usio na mwisho. Simama ukingoni mwa jabali, na chini kabisa kuwe na zimwi limekaa. Ukitaka kujitupa huendi, limekuzuia kana kwamba liko mbele ya pua yako. Saa ya ulimwengu wote inapiga mara 35 kwa sekunde. Mchezaji wa zamani huyajua haya vidoleni kabla hajayajua kichwani. Ukianza na Godot, injini nyingine ya kisasa, hata moja halikuji bure. Utaliandika mwenyewe, ukikumbuka kwamba lilikuwepo.

Leseni nayo hufuata mstari uleule. Msimbo wa Doom ulitolewa hadharani Desemba 1997, na 1999 ukawekwa chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha. Kilichotolewa ni injini. Picha, sauti na ramani zimebaki mali ya mwenyewe, ndiyo maana watu wa kujitolea wakatengeneza Freedoom, IWAD iliyoundwa upya ili injini iwe na cha kula. Kwa mradi wa mashabiki hapa ndipo pa kuangalia: mtatoa gemu kamili, au PWAD inayomtaka mchezaji awe na nakala yake ya Doom? Build ina mambo yake. Msimbo wa Duke uko chini ya GPL tangu 2003, ila injini yenyewe ina leseni ya Silverman, na hiyo hairuhusu biashara bila kibali.

Nikampigia mpwa wangu. Nikamwambia Doom aitoe hapo, aandike injini watakayoiendesha kweli; data iwe Freedoom mpaka wachore zao; pikseli aihamishie kwenye mstari wa picha. Jioni karatasi ikarudi: "Injini: GZDoom, kwa sababu ya roshani." Hiyo "kwa sababu" ilinifurahisha kuliko jina. Mstari unaofuata: "Injini ya ramani: Ultimate Doom Builder."

Hicho ni kihariri, mpwa wangu, programu ya kuchorea ramani tu.