Kebo kulingana si ishara kufika pamoja

Wiki hii, tukiandaa vitambuzi viwili vya mionzi vinavyopaswa kunasa tukio moja kwa pamoja, nimeambiwa tena: "Hakuna haja ya kupima muda, kebo zote ni mita tano." Aliyesema ni mwanafunzi makini, ndiyo maana imeniuma.

Kwenye kebo ya RG-58 ishara inachukua kama nanosekunde 5 kwa mita. Hilo ni hesabu ya dakika moja. Ila kabla ishara haijaingia kwenye kebo, elektroni zimeshasafiri makumi ya nanosekunde ndani ya fotomaltiplaya (bomba linalogeuza mwanga kuwa ishara ya umeme), na muda huo unapungua ukipandisha voltiji. Ukisawazisha gein (ukuzaji wa ishara) kwa voltiji, umeshavuruga muda bila kugusa kebo yoyote. Tena ukiweka kitambuzi cha jemaniamu upande mmoja na sintileta ya plastiki (inayotoa mwanga ikipigwa na mionzi) upande wa pili, plastiki inamaliza kazi ndani ya nanosekunde chache, jemaniamu ingali inakusanya chaji kwa mamia ya nanosekunde. Hapo kebo sawa zitasaidia nini?

Pima! Weka sodiamu-22, chanzo kinachotoa positroni, katikati ya vitambuzi vinavyotazamana. Positroni ikiangamia, gama mbili za keV 511 huondoka pamoja, kila moja na upande wake. Angalia ishara zinazotoka kwenye diskrimineta (kifaa kinachotoa mpigo ishara ikivuka kizingiti), na kebo mbili za kwenda kwenye oskiloskopu ziwe sawa. Huko ndiko usawa wa kebo una maana.

Sasa lile linalonichosha zaidi. Watu wakishazilinganisha ishara mpaka zinaanza nukta moja, wanadhani wamemaliza. Kitengo cha koinsidensi, kinachotambua ishara zilizofika kwa wakati mmoja, hutoa triga (mpigo wa kuanzisha kurekodi) pale ishara ya mwisho inapowasili. Zikifika pamoja, mara hii ya mwisho ni ya kitambuzi A, mara ijayo ni ya B, na ukingo wa triga unayumba. Geti (muda wa kupokea ishara) linayumba nao, na TDC (kipima muda) inayoanzishwa na triga hiyo inapima mchanganyiko wa saa mbili. Chagua mmoja awe mwenye saa. Jemaniamu ipe mpigo mpana; plastiki ipe mwembamba, kisha uucheleweshe uingie ndani kabisa ya ule mpana. Ndiyo, tunamchelewesha aliye mwepesi, kwa sababu yeye ndiye saa ya kuaminika, na anayefika mwisho ndiye anayeamua.

"Basi tupanue tu dirisha." Hapana. Koinsidensi za bahati kwa sekunde ni 2τN₁N₂, τ ikiwa upana wa mpigo, N₁ na N₂ zikiwa idadi ya mipigo kwa sekunde ya kila upande. Kila upande ukiwa na mipigo 10,000 kwa sekunde yenye upana wa nanosekunde 100, unapata 20 za uongo kila sekunde. Panua mipigo hadi mikrosekunde 1, zinakuwa 200.

Kuhusu QDC, inayopima chaji ya mpigo geti likiwa wazi: geti haliwezi kurudi nyuma, kwa hiyo ishara ya chaji ndiyo isubiri. Nanosekunde 300 ni mita 60 za kebo, na kebo ndefu hivyo inaufanya mpigo uwe butu na mkia wake urefuke. Lipe geti nafasi mbele na nyuma, na ulihakikishe kwenye mlango wa QDC wenyewe.

Ninapobaki na mashaka ni kwenye mpaka wa dirisha la jemaniamu. Mipigo ya nishati ndogo huvuka kizingiti ikiwa imechelewa, hivyo popote nikikata napoteza baadhi ya za kweli. Mimi hupanua hatua kwa hatua hadi eneo la kilele cha nishati, nikishatoa za bahati, liache kukua. Mwenzangu hukata mapema zaidi, na sina hoja ya kumwambia amekosea. Tunaandika daftarini tulipokata.

Jana yule mwanafunzi alipandisha fotomaltiplaya moja kwa volti 50. Nimemwomba arudishe sodiamu-22 mezani kabla hatujarekodi chochote.