Nafaka Kumi Kwenye Unga wa Lishe Bado Ni Kundi Moja la Chakula

Maswali na malalamiko kuhusu unga wa lishe yameongezeka kiasi cha kulazimu ufafanuzi kwa umma. Mengi yanafanana: mtoto anaharisha kila akinywa uji, unga unageuka mchungu hata mwezi haujaisha, au mtoto anakunywa uji wa nafaka kumi asubuhi na jioni na bado mstari wake kwenye kadi ya kliniki umelala. Wazazi wanaoleta malalamiko haya wanajitahidi na wanatumia fedha nyingi. Kasoro iko kwenye mfuko wa unga wenyewe na namna unavyopikwa.

Mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele na ngano ni kundi moja la chakula. Anayechanganya yote sita hajamwongezea mtoto kundi hata moja; amepata nafaka ya bei kubwa zaidi. Akiweka soya, karanga na mbegu za maboga, zote tatu zinahesabiwa kundi la pili. Shirika la Afya Duniani linagawa chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi 8, na mtoto anatakiwa apate angalau 5 kwa siku: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi; mikunde, karanga na mbegu; maziwa mengine na mazao yake; nyama, samaki na kuku; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi kama mchicha, karoti, papai na embe bivu; kisha mboga na matunda mengineyo. Uji wa nafaka kumi wenye soya na karanga, pamoja na ziwa la mama, ni makundi matatu. Mengine mawili hayawezi kutoka kwenye mfuko huohuo hata ukisaga nafaka ishirini.

Wingi wa nafaka una kasoro nyingine isiyoonekana kwa macho. Maganda ya nafaka na mikunde yana faiteti, kitu kinachoshika madini ya chuma na zinki tumboni yasinyonywe na mwili. Ndiyo maana mtoto anaweza kulishwa unga ambao karatasi yake imeorodhesha madini chungu nzima, na damu ikawa pungufu. Nyama, maini na samaki vina chuma kinachonyonywa kwa urahisi, na vikiwa kwenye mlo mmoja na nafaka husaidia hata chuma cha nafaka kuingia mwilini. Tunda lenye vitamini C, kama papai, chungwa au ubuyu, husaidia vilevile. Chai huzuia. Tafadhali, mtoto mdogo asipewe chai, hata ya maziwa.

Ushauri wetu ni huu: unga ubaki na nafaka moja au mbili, vingine vyote viingie sufuriani siku ya kupika. Karanga, soya na dagaa vina mafuta. Vikishasagwa, mafuta hayo hukutana na hewa na kuanza kuharibika. Uchungu na harufu ya mafuta ya zamani hutokana na hapo. Unga mkavu wa mahindi peke yake hukaa muda mrefu, lakini ukishachanganywa na karanga au soya usipange kukaa nao zaidi ya wiki mbili hadi nne, na saga kiasi cha muda huo tu. Dagaa wa kusagwa pamoja na nafaka mashineni ndio wabaya zaidi: huja na mchanga na chumvi, na hugeuza harufu ya mfuko mzima. Waoshe, waanike au wakaange, watwange kinuni, uweke kijiko kimoja cha chakula kwenye sufuria ya mtoto.

Soya inahitaji maelezo ya pekee, kwa sababu kuharisha kwingi kunatokea hapo. Soya mbichi ina vizuizi vinavyokataza tumbo kumeng'enya protini, na kuanika juani hakuviondoi. Chemsha maji kwanza, yakitokota ndipo umimine soya, iendelee kuchemka kwa dakika 20 hadi 30. Mwaga maji hayo, fikicha maganda yatoke, anika hadi ikauke kabisa, kaanga kidogo kwa moto mdogo, ndipo usage. Kuikaanga haraka hadi nje iungue na ndani ibaki mbichi ni kazi bure. Kama huna muda wa hatua hizo, acha soya. Maharage au kunde zilizoiva na kupondwa vizuri zinatosha, na karibu kila nyumba hupika.

Sasa wepesi wa uji, ambao ndio unaowadumaza watoto wengi kuliko uchaguzi wa nafaka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tufanye hesabu ya kikombe. Kijiko cha chakula kilichojaa unga ni gramu 10 hivi, nazo hutoa nishati ya takribani kilokalori 35. Uji wa kijiko kimoja kwa kikombe cha mililita 250, ule unaopita kwenye chupa ya kunyonyea, ni maji ya moto yenye rangi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji takribani kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula cha nyongeza. Kwa uji huo angehitaji vikombe karibu sita, ilhali tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama kikombe kimoja kwa mlo. Anashiba maji, analala, mama anaridhika.

Tumia vijiko vitatu vya unga kwa kikombe kimoja cha maji, kisha kijiko cha chai cha mafuta ya kula kwa kila nusu kikombe anachopewa. Nusu kikombe hicho kinakaribia kilokalori 100. Miezi 6 anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa mlo, ukiongeza taratibu hadi nusu kikombe, mara mbili hadi tatu kwa siku. Kuanzia miezi 9 ni nusu kikombe mara tatu hadi nne, pamoja na asusa moja au mbili. Akitimiza mwaka, robo tatu hadi kikombe kizima. Kipimo cha uzito ni kijiko: ukikiinamisha, uji udondoke kwa mabonge, usitiririke. Chupa haihitajiki hapa. Kijiko na kikombe vinatosha na huoshwa kirahisi.

Mzazi anayelalamika kwamba uji mzito humshinda mtoto atumie kimea cha ulezi, jambo ambalo bibi zetu walilijua. Loweka ulezi usiku mzima, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu hadi uchipue, anika, fikicha vijimizizi vitoke, saga. Pika uji mzito hadi uive, uipue upoe kidogo, weka kijiko cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe na ukoroge. Baada ya dakika chache utalegea bila kuongezwa maji, kwa kuwa kimea hukata wanga. Lazima urudishwe jikoni uchemke tena, maana kimea ni kibichi na hubeba vijidudu. Usitumie mtama kutengeneza kimea cha mtoto: machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi.

Katika sufuria hiyohiyo, karibu na kuipua, weka yai lililopigwa, karanga zilizosagwa laini au maini yaliyopondwa. Wapo wanaoendelea kuamini kwamba mtoto akila yai atachelewa kusema. Si kweli, na anaruhusiwa kulila tangu miezi 6 likiwa limeiva. Supu ya mifupa bila nyama nayo hailingani na nyama. Mpe nyama yenyewe iliyosagwa. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, hata kidogo, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vinavyolegeza misuli ya mtoto. Na blenda isiwe ya kudumu: kuanzia miezi 8 au 9 anapaswa kukutana na chakula kilichopondwa chenye vipande laini, vinginevyo atakataa kutafuna baadaye.

Kuhusu sumukuvu hatuwezi kulegeza lugha. Ni sumu inayotolewa na kuvu kwenye mahindi na karanga, ambayo ndiyo mazao makuu ya unga wa lishe. Mwaka 2004 nchini Kenya iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, na mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga hakuiondoi. Ukungu ukifutwa kwa kitambaa sumu inabaki ndani. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kwa aina ya B1 pekee mikrogramu 5. Nyumbani, chambua punje kwa punje kabla ya kusaga: toa zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye vumbi la kijani au njano. Usizipe kuku wala ng'ombe, kwani sumu hurudi kwako kupitia maziwa na mayai. Kujua kama mahindi yamekauka, weka punje na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa.

Kwa wanaosaga na kuuza: tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kibali cha iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) hakitumiki tena, hata kama bado kimebandikwa ukutani. Jengo husajiliwa kwanza, kisha bidhaa. Wajasiriamali wadogo waanzie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, waiambatishe kwenye maombi. Mfuko uonyeshe jina la bidhaa, viambato vikianzia kilicho kingi kwa uzito, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kuzalishwa na ya mwisho wa matumizi, namna ya kupika na kuhifadhi. Hairuhusiwi kuandika kwamba unga unatibu ugonjwa, wala kwamba unafaa chini ya miezi 6. Bidhaa isiyokidhi viwango huondolewa sokoni na kuteketezwa kwa gharama za mwenye mali, na hatua za kisheria hufuata.

Mtoto ambaye mstari wa kadi umelala miezi miwili mfululizo, au mzunguko wa mkono wake uko chini ya sentimita 12.5, apelekwe kituo cha afya. Chini ya 11.5 apelekwe siku hiyohiyo. Maelezo haya hayachukui nafasi ya mtoa huduma aliyemwona mtoto.

Ukitilia shaka unga ulionunua, acha kuutumia na uuache kwenye mfuko wake ukiwa umefungwa. Usiuhamishie kwenye ndoo. Tunza risiti, piga picha ya lebo na namba ya toleo, kisha toa taarifa kwa afisa afya wa kata au ofisi ya TBS ya kanda. Tunaomba usilete kiganja cha unga kwenye karatasi: sumukuvu haisambai sawasawa, kiganja kimoja kinaweza kuwa safi na kingine cha mfuko huohuo kikawa na sumu. Sampuli ya uchunguzi huchukuliwa na mkaguzi, kutoka sehemu mbalimbali za mifuko kadhaa ya toleo hilohilo, ndiyo maana namba ya toleo inahitajika kuliko unga wenyewe.