Mgongo wazi si mgongo uliopasuka

Huku kwetu Dodoma, mtoto akizaliwa na mgongo wazi, haipiti siku utasikia "kapasuka mgongo tumboni", kisha "mama yake alikuwa anabeba ndoo nzito". Nayasikia hata kwa watu waliosoma, na yananiuma, maana kauli ya kwanza ndiyo inayozaa ya pili. Kitu kikisemwa kimepasuka, lazima atafutwe aliyekipasua.

Mgongo wazi ni mrija wa neva ambao haukufunga. Mrija huo ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo.

Tatizo ni kwamba tumezoea kudhani chenye tundu kilitobolewa. Mrija wa neva huanza ukiwa utando bapa wa seli. Protini za aktini na miosini huvuta, na baadhi ya seli za katikati hujibana upande wa juu, kama mdomo wa mfuko unavyokazwa kwa kamba. Utando unabonyea, kingo mbili zinainuka, zinakutana, zinaungana. Kule chini kabisa, upande wa mkia, njia ni nyingine: seli hujikusanya kwanza kuwa kitita kisicho na nafasi, halafu uwazi hufunguka ndani yake. Mapafu na figo nazo huchipua matawi kutoka kwenye mrija uliokwisha kuwepo. Mirija ya mwili huundwa kwa njia nyingi hivyo, bila kutobolewa, na kila njia inahitaji kueleweka. Ndiyo maana wapo watu wanaomaliza uzamivu kisha wanaongeza miaka ya utafiti wakiangalia tezi ya mate ya kiinitete cha nzi wa matunda. Pale seli huzama na kuwa mrija bila hata moja kugawanyika, hivyo kukunjika kwenyewe kunaonekana waziwazi.

Sasa, kingo za mrija wa neva hukamilisha kufunga kama siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Wakati huo mama amechelewa siku zake kwa wiki mbili tu, na wengi hata hawajajua. Ndoo aliyobeba mimba ikiwa na miezi sita imeingiaje hapo?

Kinachosaidia ni foliki asidi, aina ya vitamini B. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliochapishwa mwaka 1991, ulihusu akina mama waliowahi kupata mimba yenye tatizo hili. Kwa waliopewa foliki, kujirudia kulipungua kwa asilimia 72. Haizuii yote, lakini inazuia mengi. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vinayo, ila wengi huanza kliniki mrija ukiwa umekwisha kufunga au kushindwa. Na dona tunayojisagia mashineni mtaani, sawa na uwele na mtama, kwa kawaida haiongezewi foliki. Kwa hiyo foliki ni ya kuanza kabla ya mimba.

Ukienda kumpa pole mzazi wa mtoto huyo, sema mrija haukufunga. Alibeba nini, usimuulize.