Si ulaini wa risasi unaoikwamisha bunduki

Vijiweni Liwale na Nachingwea husemwa kwamba bunduki inayojipakia yenyewe, kama SKS, hukwama kwa risasi iliyomiminwa kwenye kalibu (si ya kiwandani) kwa sababu madini yake ni laini. Sivyo. Pistoni inayorudisha bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) husukumwa na gesi ya baruti inayochepuka kwenye tundu dogo la mtutu baada ya risasi kulipita. Shinikizo likiwa dogo hapo, bolti hurudi nusu: ganda tupu hubanwa mlangoni, au linatoka lakini risasi inayofuata haichukuliwi.

Wanaojaza risasi zao Marekani (kwetu hilo bila leseni ni kosa) hukosea zaidi kwa baruti ya haraka ya bastola. Huungua karibu yote ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Gesi yake ikifika tunduni nguvu imekwisha. Kuiongeza hupandisha shinikizo la chemba kuliko la tunduni, na kwa kuwa kipimo chake ni kidogo, ganda humeza vipimo viwili bila jicho kuona. Hapo ndipo bunduki hupasuka.

Dawa ni baruti ya kasi ya wastani: IMR 4198 kwa SKS, 4895 kwa M1 Garand, bunduki ya Kimarekani inayojipakia vilevile. Huanzia kiwango cha chini cha kitabu cha mtengenezaji, ikipanda nusu grani (kipimo kidogo cha uzito) kila mara bila kuvuka kilele chake, mpaka bolti ibaki nyuma magazini ikiisha.

Ulaini una lake, ila dogo: risasi ivishwe kikombe cha shaba kitakoni, na kipenyo chake kizidi kile cha mifereji ya mtutu kwa inchi 0.001 hadi 0.002. Grisi inayopakwa risasi iwe kidogo. Ikizidi, huwa masizi kwenye pistoni.